Nyuma ya Picha ya Fahali

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona kwa Naftali Tluway kilikuwa beseni la maji. Lilikaa juu ya kigoda mlangoni mwa maktaba ya kijiji cha Endamarariek, na pembeni yake alisimama Naftali mwenyewe, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na sita, taulo begani kama mhudumu wa hoteli. Hakuna aliyeingia kusoma bila kunawa. Ukishanawa ulinyoosha mikono, naye akaikagua mbele na nyuma, kucha kwa kucha, ndipo akakupisha.

"Naftali, leo umepika nini?" wanakijiji walimtania. "Kila siku tunanawa, nyama hatuioni."

"Nyama iko rafuni," aliwajibu bila kucheka. "Ni ya kutafuna kwa macho."

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kijiji, kuta za udongo zilizosiribwa kwa samadi na majivu, dirisha dogo, meza ndefu na mabenchi mawili. Vitabu vya kisomo cha watu wazima vilipangwa kwa urefu. Kulikuwa na vya ufugaji wa kuku, vya afya ya mtoto, na vitano vya kilimo cha pamba, katika kata ambayo hakuna aliyewahi kuuona mpamba kwa macho yake. Lakini hazina ya Naftali ilikuwa rafu ya chini kabisa. Hapo yalilala magazeti ya Shamba na Zizi, toleo la kila mwezi, kuanzia mwaka 1956 hadi 1969 jarida hilo lilipokufa.

Yalikuwa ya baba yake. Mzee Tluway alikuwa karani katika shamba la kahawa huko Oldeani, na kila mwezi aliyapokea magazeti hayo kwa posta kutoka Nairobi. Jumapili baada ya ibada aliwasomea majirani wasiojua kusoma, wakiwa wamekaa kwenye nyasi wakimenya mahindi. Alipofariki mwaka 1973 hakuacha ng'ombe wengi. Aliacha sanduku la bati lenye magazeti mia moja na arobaini na kitu, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Kijiji kilipoanzisha maktaba na kuuliza nani awe mtunzaji, watu walisema apewe Naftali, maana tayari anavyo vitabu. Akalibeba sanduku kichwani hadi ofisini, na tangu siku hiyo akawa Mwalimu, ingawa darasani aliishia la saba.

Majalada ya Shamba na Zizi yalikuwa mazuri sana. Yalichapwa kwa rangi kwenye karatasi nzito inayong'aa: mama mwenye debe la maziwa, trekta jekundu, mhindi uliochanua, kondoo aliyenyolewa nusu. Miaka ishirini ilikuwa imepita na rangi bado zilikuwa mbichi. Hayo ndiyo aliyoyaona Bwana Elimu Inosenti siku alipofika na pikipiki yake, mwezi wa saba mwaka 1981.

Inosenti alikuwa msimamizi wa kisomo katika kata, kijana mwenye haraka na maneno mengi. Alichuchumaa kwenye rafu ya chini, akatoa magazeti matatu, akayapanga mezani kama mtu anayepanga karata.

"Naftali, ndugu yangu, umelala juu ya mali! Mwezi ujao wageni wa mkoa wanapita kukagua maktaba zote. Itakayopendeza kuliko nyingine itapewa kabati la vioo na vitabu sitini vipya. Sitini! Na wewe una kuta kama za zizi la mbuzi. Kata haya makava, ubandike. Chumba kitawaka."

"Nikiyakata yatabaki nini?"

"Yatabaki yaliyoandikwa. Kwani nakwambia uchome moto? Unavua koti tu."

"Mtu akivuliwa koti si lazima achunwe ngozi," Naftali alisema. "Yakitoka makava, kurasa zitalegea. Hapana, Bwana Elimu. Baba aliyafunga kwa mkono wake."

Inosenti aliguna. "Mbolea zinazosifiwa humu haziuzwi tena. Bei zilizomo ni za shilingi ya zamani. Nani anayasoma? Lakini picha, hata yule asiyejua A ataziona." Akawasha pikipiki yake. "Fikiria. Vitabu sitini."

Naftali alifikiria. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe Evarista, aliyekuwa akipepeta maharage uani.

"Baba yako aliyanunua yasomwe," Evarista alisema. "Ukuta husoma?"

"Ukuta hausomi, lakini husomwa. Watu watayaona kila siku. Sasa hivi yamelala tu."

"Basi yakate, Baba Germana. Mbona unaniuliza mimi?"

Kwa kweli Naftali hakuwa akimuuliza yeye.

Siku chache baadaye alikuwa mezani maktaba, na mbele yake alikaa Namelok. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa kisomo, mama wa miaka kama thelathini na mitano kutoka Oloipiri, upande wa Loliondo. Mumewe, Senteu, alikuwa mlinzi wa ghala la ngano, nao walikuwa wamepanga chumba karibu na njia panda ya kwenda Karatu. Wanakijiji walimwita Mama Seenoi, kwa jina la binti yake. Alipoanza kisomo miaka miwili nyuma alikuwa akishika kalamu kama mtu anayeshika kisu. Sasa alisoma mwenyewe, polepole, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Hakupenda vitabu vya kuku. Alipenda Shamba na Zizi kwa sababu, alisema, humo wamo ng'ombe. Alikuja mara mbili kwa wiki, akaketi mahali palepale, akasoma gazeti moja hadi jua lielekee magharibi. Hakuazima hata moja kwenda nalo nyumbani. Aliogopa moshi.

Siku hiyo alikuwa ameliinua gazeti mbele ya uso wake, kwa hiyo Naftali aliliona jalada tu. Lilikuwa na picha ya fahali mwekundu, nundu kama mlima, macho ya kiungwana. Mara akalivuta gazeti karibu zaidi na macho. Namelok akalifunga taratibu na kuliwekea kiganja juu.

"Mwalimu, gazeti hili nitunzie."

"Nitakutunzia."

"Lisiende kwa mtu. Kesho naenda Oloipiri kumchukua mama, aje alione."

Naftali alimtazama fahali, akatabasamu. "Oloipiri hakuna ng'ombe wa namna hii?"

Namelok alimtazama Naftali kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka. "Nitunzie tu, Mwalimu," akasema, akaondoka.

Jioni Naftali alimsimulia mkewe huku akicheka. "Hawa ndugu zetu! Mtu atapanda lori siku tatu, kama lori lenyewe litapata mafuta, apite Ngorongoro na vumbi lote la Olduvai, amlete mama yake mzazi kuja kuangalia ng'ombe wa karatasi!"

Evarista hakucheka. "Una hakika ni ng'ombe?"

"Sasa ni nini kingine?"

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane Inosenti alirudi. Safari hii alibeba barua yenye mhuri, na majina ya vitabu vile sitini yakiwa yamepigwa chapa. Naftali aliisoma orodha hiyo mara mbili. Kulikuwa na kamusi. Kulikuwa na atlasi ya dunia. Alifungua daftari la waazimaji, akatafuta aliyewahi kuazima Shamba na Zizi mwaka ule mzima, asipate hata jina moja. Namelok hakuwamo, kwa kuwa daftari lilimjua yule anayetoka na kitabu tu, si yule anayekaa nacho. Naftali alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alilifunga daftari kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Alianza siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akitumia mkasi wa Evarista wa kushonea. Jalada la kwanza lilimuuma. Alikata polepole kandokando ya pini, akishika pumzi, na lilipotoka alilishika kwa ncha za vidole kama kifaranga. La pili lilimuuma kidogo. Lilipofika la kumi mkono ulikuwa umezoea, akawa anakata huku akipiga mluzi. Alikata majalada arobaini na manane, yale yenye rangi kali kuliko mengine.

Fahali mwekundu alipofika mkononi, alikumbuka ahadi yake. Alisita, mkasi ukiwa umefunguka. Kisha akapata wazo ambalo wakati ule lilimpendeza mno. Huyu angepewa mahali pa heshima, katikati ya ukuta unaotazamana na mlango, kimo cha macho ya bibi mzee, ili mama wa Mama Seenoi akiingia tu, wakutane. Hiyo ndiyo ingekuwa namna bora ya kulitunza. Akakata.

Nyuma ya kila jalada, upande wa ndani, kulikuwa na ukurasa wa Marafiki wa Kalamu, picha ndogondogo za watu, ukubwa wa stempu, na chini yake majina na anwani zao. Naftali alizijua tangu ujana wake. Hata baba yake, aliyesoma kila kitu hadi matangazo ya dawa za minyoo, aliuruka ukurasa ule Jumapili.

Kubandika karatasi ukutani ni kazi ambayo kila nyumba ya huko inaijua. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, unaupaka ungali vuguvugu, unasugua kwa kiganja. Ubaya wake ni mmoja: mende na mchwa huupenda uji huo, na baada ya mwaka mmoja karatasi hubaki nyavu. Naftali hakutaka majalada ya baba yake yaliwe. Kwa hiyo alikwenda josho la ng'ombe, akamwomba Hhando, mtunza josho, kikombe kimoja cha dawa ya kupe ambayo haijachanganywa na maji, akaimimina ndani ya uji.

"Utawaua wasomaji," Evarista alisema, pua ameifunika kwa khanga.

"Nitaua mende. Wasomaji hawarambi ukuta."

Alijifunga mifuko ya nailoni mikononi, akabandika hadi jua likazama. Fahali alimpaka tabaka mbili, akamsugua kwa nguvu kuliko wengine wote, na kwenye kona ya chini, iliyokataa kulala, akakandamiza kwa kidole gumba hadi ikatulia.

Wageni wa mkoa walikaa dakika kumi na tano. Walinawa, wakacheka, wakazunguka chumba wakinyoosha vidole. Mkubwa wao alisimama mbele ya fahali. "Huyu ni wa kijiji hiki?"

"Hapana, ndugu, ni wa gazetini."

"Mzuri sana. Mzuri sana." Wakauliza choo kiko wapi, wakaondoka. Wiki mbili baadaye Inosenti alileta kabati la vioo juu ya trela la trekta, akishangilia tangu njiani. Kabati lilikuwa tupu. Vitabu sitini, alisema, vitafuata.

Namelok alirudi katikati ya mwezi wa tisa. Malori yalikuwa hayana mafuta kwa wiki kadhaa, na yeye na mama yake walikuwa wamelala njiani usiku mara tano. Walikuja maktaba moja kwa moja. Mama, bibi Naisenya, alikuwa mwembamba, mnyoofu, shuka lake lina vumbi la safari na shanga zake ni safi. Naftali alimwinamishia kichwa kidogo kama alivyoona wenyewe wakifanya.

"Koko, takwenya," alimwamkia bibi kwa Kimaa.

"Iko," bibi aliitikia, akamgusa utosini. Alinawa mikono bila kuuliza sababu.

Naftali alifungua mlango wote kwa fahari. "Mama Seenoi, ona. Nimemweka pale ambapo Koko hatasumbuka kumtafuta."

Namelok aliingia, akamwona fahali. Akageuka kwenye rafu ya chini, akatafuta gazeti lake, akalipata likiwa halina jalada la mbele. Alilipindua mara mbili.

"Mwalimu," alisema, "si ng'ombe. Nyuma yake kuna mtu."

"Mtu gani?"

Namelok alimtazama mama yake, kisha sakafu. "Wa kwetu. Mtoto wa kiume wa mama, mkubwa wangu. Alikwenda ng'ambo ya mpaka na wafanyabiashara wa ng'ombe, nikiwa binti mdogo. Halafu akaja mtu akasema amekanyagwa na lori huko, amekufa. Tukanyoa nywele. Sisi, mtu tuliyemnyolea, hatumtaji jina. Ndiyo maana siku ile sikukwambia. Ningekwambiaje? Lakini nywele tulinyoa mwaka sitini na nne, Mwalimu. Na gazeti hili ni la sitini na sita. Niliusoma huo mwaka mara nne, kwa kidole. Nikasema, macho yangu ya kusoma bado ni machanga, ngoja mama amwone kwanza. Yeye akisema ni yeye, basi ni yeye."

Naftali alitaka kusema kwamba alidhani, kwamba alikusudia, kwamba mahali pale palikuwa pa heshima. Kila neno alilolishika lilikuwa la kujitetea, akaliacha.

Bibi Naisenya alikuwa amemkaribia fahali. Namelok alimweleza kwa Kimaa, maneno machache. Bibi alisikiliza, kisha akasema jambo bila kugeuka.

"Anasemaje?" Naftali aliuliza.

Namelok alitafsiri. "Anasema ng'ombe ni mzuri. Anasema hajawahi kuona ng'ombe akimkalia mtoto wake hivi."

Evarista aliitwa. Alikuja na jiko la mkaa, birika na kisu cha kupakia siagi ambacho hakijawahi kuona siagi tangu vita vya Uganda. Alichemsha maji, akaelekeza mvuke kwenye kona ya jalada, akaanza kuinua nukta kwa nukta. Kwa uji wa kawaida, karatasi ingekubali. Lakini dawa ya josho ilikuwa imenywewa na karatasi na kuuyeyusha wino. Kila Evarista alipoinua, sehemu moja ilikuja na sehemu nyingine ikabaki ukutani kama ngozi ya kiazi.

"Taratibu, mama," Naftali alinong'ona.

"Wewe kaa kimya," Evarista alimjibu. "Mikono yako imeshafanya yake."

Ilichukua mchana mzima. Walipolilaza jalada mezani, kifudifudi, picha nyingi zilikuwa madoa ya kahawia. Katika safu ya tatu ilibaki nusu ya uso wa kijana: jicho moja, shavu, na sikio lenye ndewe ndefu iliyokunjwa juu ya ukingo wa sikio. Bibi Naisenya aliinama hadi pua yake ikakaribia karatasi. Alilitazama lile sikio kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Kasaine."

Namelok alijifunika uso kwa shuka. Ilikuwa miaka kumi na saba jina hilo halijatamkwa katika boma lao. Naftali, ambaye hakuwa amelisikia kamwe, alijikuta amesimama.

Ikabaki anwani. Kwenye karatasi yalisomeka maneno nusunusu: Kasaine Ngoitiko, miaka ishirini na minne, hupenda redio na ng'ombe wa maziwa, angependa kuandikiana na vijana wa Tanzania, hasa. Baada ya "hasa" palikuwa doa. Kisha S.L.P. 3, na doa tena. Evarista ndiye aliyeona kwamba wino uliokosekana ulikuwa umehamia kwenye ukuta, umegeuka kama maandishi ya mhuri. Alikimbia nyumbani akaleta kioo cha kujitazamia. Ndani ya kioo Namelok alisoma, kidole kikienda kinyume, neno lililokuwa limefichwa. "Lo-li-o-ndo." Halafu namba nane. Halafu Molo, mji wa ng'ambo ya mpaka.

Hasa wa Loliondo. Kijana yule alikuwa ameandika gazetini kuita kwao, kwa kuwa kwao hapakuwa na wa kuwasomea barua. Na ile barua ilikuwa imelala Oldeani na Endamarariek miaka kumi na mitano. Naftali alijaribu kukumbuka ni mara ngapi ameupita ukurasa ule akielekea kwenye habari za mbegu. Hakuweza kuhesabu.

Tarakimu ya katikati haikuwa kwenye karatasi wala kwenye ukuta. Ilikuwa kwenye ile kona iliyokataa kulala, pale Naftali alipokandamiza kwa kidole gumba. Tatu, kitu, nane. Kuandika kwa wenye gazeti hakukuwa na maana: gazeti lilikwisha kufa, na hata mpaka ulikuwa umefungwa tangu mwaka sabini na saba.

"Vitu viko kumi tu," Namelok alisema baada ya kufikiri. "Sifuri mpaka tisa. Tutaandika zote."

"Nitakuandikia mimi," Naftali alisema haraka. "Kesho asubuhi zitakuwa tayari."

"Hapana, Mwalimu. Mkono uwe wangu." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilimwingia.

Aliandika barua kumi zinazofanana, siku mbili, akiwa amekaa mahali pake palepale. Zilikuwa fupi. Mimi ni Namelok. Mama yupo hai. Tulikunyolea nywele, tumekosea. Nimejifunza kusoma. Jibu kwa maktaba ya Endamarariek, S.L.P. ya kijiji, Karatu.

Ila posta ya Karatu haikuwa na stempu za nje za kutosha. Karani alikubali kuwapa mbili kila wiki, si zaidi. Naftali alizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, wiki baada ya wiki, kwa mpangilio: 308 na 318, kisha 328 na 338, kisha 348 na 358. Ya mwisho iliondoka mwezi wa kumi na moja. Barua za kwenda ng'ambo zilizunguka njia ndefu siku hizo, na hakuna aliyejua zinapitia wapi.

Bibi Naisenya hakurudi Oloipiri. Alisema atangoja hapohapo, akahamia kwa binti yake kwenye kile chumba kimoja. Kila asubuhi alikuja maktaba, akanawa, akakaa benchi la karibu na mlango. Hakumlaumu Naftali hata siku moja. Naftali alitamani amlaumu.

Katika miezi hiyo Naftali alijaribu kuyabandua majalada mengine arobaini na saba. Alikuwa ameanza kuwafikiria watu wa upande wa pili, wale waliobandikwa nyuso zao zikielekea kwenye udongo, kila mmoja na jina lake na sanduku lake la posta na mtu aliyetaka amwandikie. Alitumia mvuke, akatumia maji ya magadi, akatumia kisu. Alipata majina manne kamili. Mengine yalitoka vumbi. Inosenti alipopita na kuona kuta zimechubuka alishika kiuno.

"Naftali, umerogwa? Chumba kilikuwa kinawaka!"

"Kilikuwa kinawaka," Naftali alikubali. "Vitabu sitini vimefika?"

"Viko njiani."

"Basi na mimi ni hivyohivyo. Niko njiani."

Majibu yalianza kuja mwezi wa pili. Nne kati ya barua zao zilirudi zenyewe, zimepigwa mhuri wa hajulikani. Duka la mbegu lilituma orodha ya mbegu. Kikundi cha akina mama wa kanisa fulani kiliandika kurasa tatu za maombi, na Namelok alizisoma zote kwa sauti, bibi akiitikia mwisho wa kila sala ingawa hakuielewa. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka 1982, ikaja bahasha ya kahawia kutoka S.L.P. 358. Ilikuwa ya karani wa shamba la maziwa. Namelok aliifungua kwa kisu cha Evarista, akaiweka mezani, akaisoma kwa kidole.

Karani aliandika kwamba mtu wa jina hilo alifanya kazi kwao zizini kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, si msemaji, na sikio lake moja hulikunja. Aliacha kazi mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, akaenda shamba jingine ambalo karani hakulijua jina. "Barua yenu ilifika siku tisa baada ya yeye kuondoka," karani aliandika. "Lakini kila Pasaka huja kutusalimia na kula nasi. Nimeiweka barua katika droo yangu. Akija nitampa mkononi, na nitamwambia aandike siku hiyohiyo, kabla hajaondoka. Msihangaike."

Namelok alimsomea mama yake mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kimaa. Bibi Naisenya alipiga makofi mara moja, kama anayeua mbu, akacheka, na meno yake machache yakaonekana. "Anakunja sikio!" alisema kwa Kimaa. "Nilimkataza tangu mtoto!"

Wote walicheka. Naftali pia alicheka, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya ofisi. Siku tisa. Kama ile tarakimu moja ingekuwapo, barua ya S.L.P. 358 ingekuwa ya kwanza badala ya ya sita. Ingeondoka wiki mbili mapema. Hakuhitaji kalamu kupiga hesabu hiyo, na tangu siku hiyo hakuacha kuipiga: akichunga, akila, akiwa kanisani. Evarista alimkuta pale, akasimama karibu naye bila kumgusa.

"Pasaka ni lini?" aliuliza.

"Tarehe kumi na moja mwezi ujao."

"Basi si mbali."

Pasaka ilikuja na mvua kubwa, daraja la chini likafunikwa, kisha maji yakapungua. Zilipita wiki nne, tano, sita. Gari la posta hufika njia panda siku ya Alhamisi, saa saba au saa nane, kama halijakwama kwenye utelezi wa mteremko. Alhamisi tatu mfululizo Naftali amerudi na mfuko una magazeti ya serikali na tangazo la chanjo ya ng'ombe.

Leo ni Alhamisi tena. Mvua imekatika tangu jana, na barabara imeanza kukauka. Tangu asubuhi Namelok amekaa na kitabu ambacho hakigeuzi ukurasa. Bibi Naisenya amevaa shuka jipya, jekundu, ambalo Senteu alimnunulia Karatu, na ameulizia mara nne ni saa ngapi. Saa sita na nusu Naftali anatoa baiskeli, anaipangusa kiti, anaiegemeza tena ukutani, maana bado ni mapema mno.

"Mwalimu," Namelok anamwita kutoka ndani. "Leo tukuache uende peke yako?"

Naftali anamtazama yeye, anamtazama na mama yake. "Twendeni wote," anasema.

Wanafunga maktaba na kushika njia, bibi akitangulia. Wanapofika njia panda wanakuta watu wawili watatu wanangoja mizigo yao, na huko mbali, juu ya kilima cha upande wa Karatu, mlio wa gari unasikika likibadilisha gia.